Shemeji Anayeishuku Mashine

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Salaam nyingi, na uniwie radhi kwa kukusumbua. Mimi ni mwoka mikate wa nyuma ya hospitali yako, yule ambaye wauguzi humwita Mzee Moto. Tezi ya shingo imenichachamalia, nikaandikiwa dawa ya mionzi ya kunywa. Nikishainywa, natakiwa nikae mbali na watoto wachanga kwa majuma kadhaa. Na binti yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, mjukuu wangu wa kwanza! Nilipanga ninywe sasa, ili mtoto akifika nimpakate bila wasiwasi.

Jana nilirudishwa nyumbani na njaa yangu, maana dawa hii hunywewa tumbo likiwa tupu. Aliyenirudisha ni fundi wako wa kupima dozi, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Namshitaki hivi:

1. Ana kichupa chenye mionzi ambayo nguvu yake inajulikana. Kila asubuhi, kabla ya kupima dawa ya mtu yeyote, hukitumbukiza kwenye mashine aone kama itasema kweli. Lakini juzi ilisema kweli! Mimi na mke wangu tumezeeka pamoja, na sijawahi kumwamsha kila siku nimuulize kama bado ni mke wangu.

2. Jana mashine ikakisoma kichupa pungufu. Pungufu tu, jamani. Shemeji akabandika karatasi ya USITUMIE, akaita wataalamu waje kuihakiki. Nilipombana, akanieleza kwa macho makavu kwamba mashine ikisoma pungufu, dawa huongezwa hadi namba itimie, na mgonjwa hunyweshwa zaidi ya alichoandika daktari. Sasa kosa liko wapi? Mteja nikimwongezea mkate huondoka ananiombea dua. Mimi cha ziada nimenyimwa na ndugu.

3. Nikamkumbusha undugu wetu. Akanijibu kuwa mashine haina shemeji. Mbele za watu! Nikanywea, nikaondoka.

4. Hili la mwisho linakuhusu wewe, Mheshimiwa. Anayeanza kwa kuishuku mashine ataishia wapi? Atamshuku aliyeinunua, kisha daktari anayeandika dozi, na mwishowe atakungoja mlangoni na kichupa chake kila asubuhi, ahakikishe kama bado wewe ni Mganga Mkuu. Huo ni uasi uliovaa koti jeupe.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe kwenye kufua mashuka, na dawa yangu ikadiriwe kwa macho, kama ninavyokadiria hamira. Kuna siku mkate hugoma kuumuka, sikatai, lakini hajafa mtu.

Natania, Mheshimiwa, lakini nimeumia. Mjukuu huyu nimemsubiri mno, na sitaki tuonane mara ya kwanza kupitia dirishani.

Wasalimie madaktari, wauguzi na mlinzi wa geti. Shemeji naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye shingo nene na subira nyembamba,
Mzee Moto

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, binti kajifungua, mapema kuliko tulivyotegemea. Ni wa kike, mzima, na ana sauti! Usishangae mwandiko wangu; naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba. Kama ningekunywa ile dawa jana, leo ningekuwa nimejifungia chumbani, namsikia tu akilia. Tafadhali mwache shemeji alipo. Na hao wataalamu wasiharakishwe. Waikague mashine taratibu, na wakimaliza, warudie.