Vita vya Ufa wa Kipanga na Kustaafu kwa Balozi

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mnaoegemea milango ya watu. Punguzeni redio, mwambieni anayekoroga sufuria aepue kwanza, maana habari hii niliyonayo haijapata kusimuliwa, na shahidi pekee aliyeiona kuanzia shina hata kilele ni paka. Nawaletea vita vilivyopiganwa mchana kweupe juu ya meza ya kulia chakula, baina ya mtu mmoja mwenye miwani na adui asiyezidi unene wa unywele. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Ewe kumbukumbu, leo acha uvivu wako. Nisaidieni nimtaje shujaa kama anavyostahili kutajwa.

Shujaa alikuwa mwalimu wa udereva, na mtaa mzima ulimwita Breki. Ndiye Bwana wa Mguu wa Kulia Usiolala, Mlinzi wa Wapita Njia, aliyeketi kando ya wanagenzi wasiojua kulia wala kushoto na bado akarudi nyumbani jioni na taa zote mbili za gari zikiwa nzima. Kwake hakuna safari isiyotanguliwa na ukaguzi. Hata akitumwa chumvi dukani kwa miguu, aliinama kwanza akakagua kandambili.

Naye alimiliki droni, ya kijivu, ya mikono minne, kila mkono na propela yake, na jina lake Kipanga. Jioni baada ya kazi alimrusha juu ya paa na kumtazama akielea, na hapo Breki, ambaye mchana kutwa alikuwa akipiga kelele "punguza mwendo," alijihisi mtu asiyehitaji breki yoyote. Mkewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameolewa uke wenza, na mwenzake anatumia betri.

Sasa sikieni kisa chenyewe. Ndani ya nyumba hiyo, kwa muda wa juma zima, alikuwa amefikia Mama Mkwe, mkunga mstaafu, Mwenye Vidole Visivyotetemeka, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa kwao na kuwapiga kofi la kwanza. Mama huyu hakusema na Breki. Si kwamba alimchukia. Alisema naye kupitia kwa watu. Mambo yalianza siku ya harusi, Breki alipochelewa kumfuata bibi harusi kwa sababu alisimama kila palipokuwa na taa za barabarani, na Mama Mkwe, akiwa amesimama mlangoni na shada la maua limeanza kunyauka, alitamka: "Mwambieni huyo bwana, harusi haingoji taa." Tangu hapo ikawa ni mwambieni huyo bwana apite, mwambieni huyo bwana ale, mwambieni huyo bwana apitishe chumvi, hata kama huyo bwana ameketi hapo hapo na chumvi iko mbele ya kiwiko chake. Mke alipokuwepo alizibeba salamu hizo huku na huko. Asipokuwepo, zilibebwa na paka, na ndiyo maana paka aliitwa Balozi.

Lakini juma hilo Mama Mkwe aliomba kitu. Alimwambia bintiye amwambie huyo bwana ampigie picha ya nyumba kutoka juu, akawaonyeshe dada zake, ambao walikuwa wakieneza habari kwamba binti yake ameolewa kwenye kibanda. "Unasikia?" mke alimwambia Breki chumbani. "Mama hajawahi kukuomba hata maji. Usiniangushe." Kesho yake asubuhi na mapema Mama angepanda basi kurudi kwake. Na siku hiyohiyo ya kuombwa, Breki alipomrusha Kipanga, picha ilitetemeka, nyumba ikaonekana kama imewekwa ndani ya maji yanayochemka. Mke akaenda saluni kusukwa. Breki akabaki na droni mgonjwa, mkwe asiyemsemesha, na paka.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga walisema kweli, ila hawakusema ufa wenyewe unatafutwaje.

Hapo Breki akatandika gazeti mezani kama jemedari atandikaye ramani. Akachomoa betri, kwa maana askari hapasuliwi akiwa macho. Akafungua propela zote nne, skrubu akaziweka ndani ya kifuniko cha chupa zisije zikatoroka. Akamfuta Kipanga vumbi kwa kitambaa cha miwani. Akavuta mapazia, chumba kikaingia giza, akaichomeka tochi ndogo ndani ya kiwiliwili mahali pa betri, kwa kuwa alijua kwamba adui huyu hujificha mwangani, lakini mwanga ukiwashwa tumboni mwake hujitoa mwenyewe.

Mama Mkwe aliketi kwenye kochi akifuma sweta, na giza halikumzuia.

"Balozi," alisema, "hebu muulize huyo bwana, hiki kidude chake kitapona leo, au nifunge begi langu bila picha?"

Breki akainuka na kitambaa cha miwani mkononi, akageuka kumwelekea paka, akanena: "Balozi, mfikishie Mama heshima zangu zote. Mwambie gari halilazimishwi likiwa na hitilafu, linakaguliwa. Mwambie jua halitazama kabla sijampata huyu mwovu, na nikimpata, hatapata pa kukimbilia!"

Balozi akapiga mwayo.

Na tazama! Karibu na mlango wa betri, uzi mwembamba wa nuru ulipenya. Ufa wa kwanza! Breki akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukakwama; hapakuwa na shaka. Akamgeuza Kipanga tumbo juu, akapata wa pili, chini ya mguu wa mbele, mfupi lakini mkorofi. Akaichoma sindano motoni, akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, usije ukapata njia ya kuendelea na safari. Akadondosha gundi, tone moja, akanyunyiza juu yake unga wa soda wa kuumulia keki aliouchukua jikoni bila ruhusa, na palepale gundi ikawa jiwe. Akalainisha kwa tupa ya kucha ya mkewe. Uso wake uling'aa kwa jasho na kwa kiburi.

Alipoisogeza tochi kwenye mkono wa nyuma, kwenye shina lake palipobandikwa plasta nyeupe ya kidonda, Mama Mkwe alikohoa.

"Balozi, mwambie huyo bwana hapo pamefungwa vizuri. Pasiguswe."

Breki hakuwa na nia ya kupagusa. Plasta ile aliikuta siku chache nyuma, akaamini ni utani wa mkewe, ambaye alikuwa na tabia ya kubandika vijikaratasi vya mapenzi ndani ya begi lake la kazini. Na cha mapenzi hakibanduliwi. Akaipita plasta ile kwa tabasamu, akarudisha propela na betri, akaenda uani kumrusha Kipanga.

Ole wake! Kipanga alipaa kimo cha mtu, akaanza kutetemeka kama mwanagenzi siku ya mtihani. Breki akamshusha, akarudi ndani, akaketi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alijiona kama alivyoogopa kuonekana: huyo bwana, wa siku zote, aliyechelewa harusini na sasa kwenye picha. Akakumbuka maneno anayowaambia wanafunzi wake kila siku, kwamba usiamini kilichofunikwa mpaka ukifunue. Akaitazama plasta. Akaishika pembeni kwa ukucha.

"Usibandue!" Mama Mkwe alisimama, sweta likaanguka. Kisha akajikumbuka, akamgeukia paka. "Balozi, mwambie... mwambie asibandue kwanza. Mwambie Jumanne nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati. Sikujua kama kidude kipo huko. Kikanipita begani, kikaanguka pwaa! Nikakiokota, nikaona mkono umefanya ufa. Sasa mimi mgeni, na mtu mwenyewe hatusemezani, ningeanzia wapi? Nikachukua plasta kwenye begi langu. Ndicho ninachokijua mimi, kikiumia, kifunge. Nikajua kitapona. Mwambie sikulala usiku ule."

Breki hakukasirika hata chembe. Alishangaa tu. Miaka yote hiyo alimwogopa mama huyu, kumbe mama huyu naye alikuwa akimwogopa yeye.

"Balozi," akasema, na sauti yake haikuwa ya jemedari tena, "mwambie Mama kosa ni la mkaguzi. Kila siku mimi nawagombeza watoto wa watu waangalie kila kitu, halafu mwenyewe nimeruka palepale palipofungwa. Na mwambie plasta yake imeshikilia mkono usikatike angani. Bila plasta, Kipanga angekuwa marehemu."

Plasta ikabanduka. Naam, hapo ndipo alipokuwa mfalme wa nyufa zote, ameuzunguka mkono hadi nusu, akifunguka na kufumba kama mdomo wa samaki. Ukiubana, unafumba, ukiuachia, unacheka. Ya kuubana ni mikono miwili, ya kutia gundi ni miwili mingine, na Breki alizaliwa na miwili tu. Akajaribu kuubana kwa magoti. Akajaribu kwa kidevu.

Mama Mkwe akavuta kiti. Bila kupitia kwa mtu yeyote, akanyoosha vidole vyake vilivyowahi kushika vichwa visivyo na jina bado, akaubana ufa. Haukuonekana tena.

Breki akainua chupa ya gundi. Mkono wa Mama ulikuwa imara kama nguzo. Breki akaminya. Tone la kwanza likaingia ndani ya ufa, sawasawa. La pili likasita kwenye ncha, likavimba, likaanguka, likateremka ubavuni mwa Kipanga, likakusanyika kati ya kidole gumba cha mkwe na kidole gumba cha mkwe. Ufa ulishika. Kipanga akalala mezani mzima. Lakini vidole gumba viwili vikawa kitu kimoja.

Na Breki, ambaye maisha yake yote alifundisha kwamba katika hatari mtu asifanye jambo la ghafla, alipatwa na hofu, akavuta.

"Mwanangu, usivute!"

Balozi, aliyekuwa amelala, alifumbua jicho moja. Neno lile lilikuwa limemtoka Mama Mkwe lenyewe, bila mjumbe, likaenda moja kwa moja, na halikuweza kurudishwa.

"Sivuti, Mama," alisema Breki kwa sauti ndogo.

"Ukivuta utatuchuna ngozi. Maji ya vuguvugu na sabuni. Twende jikoni, taratibu."

"Nianze na mguu gani, Mama?"

"Wa kulia."

"Nakufuata."

Wakaenda upande upande, kama kaa wawili wa familia moja, wakakutana mlangoni na mke akirudi kutoka saluni. Akawatazama, mume wake na mama yake, mikono imeshikana.

"Jamani! Nimekwenda kusukwa tu. Nimewaacha hamsemezani, narudi mmeshikana mikono?"

"Tupishe!" walisema wote wawili.

Wakachovya vidole kwenye beseni, wakangoja. Mtu akishikamana na mkweye kwa gundi hana budi kuongea.

"Zile taa," alisema Mama Mkwe. "Siku ya harusi. Hebu niambie kweli."

"Zilikuwa nyekundu, Mama."

"Zote?"

"Zote."

Mama Mkwe akacheka hadi maji yakamwagika kwenye miguu yao. Breki naye akacheka, na vidole vikaachana wakati huohuo, wala hakuna aliyeharakisha kuondoa mkono wake.

Jua lilipokuwa likielekea kushuka, Kipanga alipaa. Hakutetemeka. Alisimama juu ya nyumba kama aliyetundikwa kwa msumari, na kwenye simu ya Breki picha ikatulia: paa zima, kamba ya nguo, na watu watatu uani wameinua nyuso, paka miguuni mwao.

"Mbona hapo pana kutu?" aliuliza Mama Mkwe.

"Nitapaka rangi."

"Paka. Ila picha wataiona hivyohivyo, na kutu yake. Nyumba ni nyumba."

Basi na waandikao waandike, na wasioandika wakumbuke, kwamba jioni ile, mezani, juu ya gazeti lililokuwa bado na madoa ya gundi, Mama Mkwe aliinua uso wake akasema, "Mwanangu, nipe chumvi." Balozi alinyanyua kichwa kutoka kwenye kochi, akasikiliza, akangoja ujumbe wake. Haukuja. Akakilaza kichwa tena. Na chumvi ikatoka mkononi mwa mkwe ikafika mkononi mwa mkwe, bila kupitia kwa mtu wala mnyama.