Dari Lako Halina Nondo, Mkwe Wangu

Mkwe wangu mheshimiwa, mkandarasi wa jengo ninaloishi,

Natumaini barua hii imekukuta salama, wewe, binti yangu na wajukuu. Mimi ni mzima kwa sasa, na nitaeleza kwa nini nasema "kwa sasa".

Unakumbuka nilikuomba ruhusa ya kutoboa dari la chumba changu cha kushonea ili nitundike taa juu ya cherehani, maana macho yangu hayatungi tena uzi kwa mwanga wa dirisha. Ulinijibu kwa upole kwamba zege lako limewashinda vijana wenye misuli, ila nikishikilia, basi nifuate maagizo ya usalama. Nilishikilia, na maagizo niliyafuata yote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilivaa miwani ya mafundi, nikajifunga kitambaa puani, nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikashika drili ya betri, na binti yangu akashika ngazi. Si heshima kumvalisha mama mkwe kama anakwenda vitani, halafu adui asitokee.

2. Kile kipimo ulichonipa cha kutafuta nondo ili nisizitoboe, nilikipitisha dari zima, kona kwa kona. Kimya. Nikadhani kimekufa, nikakigusisha kijiko, kikalia. Nikakirudisha darini, kimya. Kwa hiyo dari lako lina chuma kidogo kuliko droo yangu ya vijiko.

3. Uliniagiza nitoboe taratibu na kupumzika kila mara, drili isiungue. Nafasi ya kupumzika sikuipata. Nilibonyeza mara moja, ncha ikazama, ikaendelea, nami nikaifuata kama mtu anayevutwa na mbwa. Kilichoniangukia ni mchanga na kipande cha mfuko wa saruji. Nimefarijika kujua kwamba saruji ilihusika, walau mfuko wake.

4. Ncha ilitokeza kwa jirani wa juu, yule fundi saa mgane, katikati ya zulia lake, hatua moja kutoka miguuni pake. Mwingine angetukana. Yeye aliinama, akasema, "Jirani, umekosea mlango." Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, kisha nikakumbuka nani aliyeijenga, nikaacha kutamani.

5. Tangu siku hiyo nasikia saa zake zote zikigonga, naye ananisikia nikigombana na cherehani. Tunasalimiana kwa tundu kila asubuhi, watu wazima, ilhali ngazi ipo. Jana aliniuliza kama nimekula. Aibu hii ni yako, kwa sababu mimi nilinunua taa tu.

6. Binti yangu, yaani mkeo, ameniambia kwamba katika majengo yote uliyoyajenga, hakuna hata moja mlimowahi kuishi. Mpishi asiyeonja chungu chake, mwanangu, anajua kilichomo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, tundu lizibwe kabla ya Ijumaa. Pili, uhamie wewe mwenyewe chumba cha chini kabisa, ulale mwezi mzima ukiwa na ghorofa nne juu ya kichwa chako, na kila asubuhi uniandikie umelalaje. Ukishindwa, nitahamia sebuleni kwako na cherehani zangu mbili, na sitauliza nitaondoka lini.

Wabusu wajukuu. Yule wa mwisho mwambie gauni lake limebaki vifungo tu. Nisalimie pia mhandisi aliyetia sahihi jengo hili, kama kweli ni mtu.

Ni mimi mama mkwe wako, ninayekuheshimu kwa mbali kidogo.

Nyongeza: Tundu usilizibe, wala usihame. Nilikuwa sijaifunga bahasha nilipoitwa kutoka juu. Fundi saa ameniomba nikubali anioe. Maneno yote ameyasema kwa tundu, na nadhani alikuwa amepiga magoti, maana sauti ilikuwa karibu sana. Nimekubali. Jumamosi atakuja kwako kujieleza, kwa kuwa wewe ndiye mwanamume wa familia yetu, nawe umpokee vizuri. Lakini habari ya nondo usimgusie kabisa. Anaamini zege lilikuwa zege, na kwamba nililipasua kwa nguvu za mikono yangu. Anasema ndicho kilichomvutia.