Rambirambi kwa Mwimbaji wa Vargholm

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Kanda imefika. Albamu mpya ya Vargholm, wale Waswidi wa magitaa mazito na melodia tamu. Waceke, mwanachama wetu anayesomea uuguzi London, ameituma kupitia sanduku la posta la kiwanda ninakofanya kazi. Bahasha imeandikwa jina la chama. Mwenyekiti wa chama ni mimi. Kwa hiyo imetumwa kwangu.

Uchaguzi wa Chama cha Mashabiki wa Vargholm, Thika na Ruiru, ni Jumatatu ijayo, Siku ya Kenyatta. Mutisya wa Ruiru anautaka uenyekiti. Anawaambia watu kwamba mimi ni mwenyekiti wa kufungua mikutano na kufunga madirisha. Nimeambiwa walicheka. Hata wa Thika.

Mpango wangu: kanda haitoki nyumbani kwangu Ngoingwa. Anayetaka kuisikia atakuja, atakalia kiti changu, atakunywa chai yangu. Mtu aliyekunywa chai yako huona haya kumpigia kura Mutisya. Mutisya mwenyewe hajui kwamba kanda ipo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesikiliza pande zote mbili. Sijui niandike nini.

Mwimbaji wa Vargholm ana sauti nyembamba, inayopanda mpaka mbwa wa jirani hujibu. Leo mbwa alinyamaza. Sauti imeshuka. Ni ya mzee aliyekaa chini peke yake. Ngoma zinakwenda kama watu waliobeba kitu kizito, na magitaa yanaburuta miguu nyuma yao. Maneno hayasikiki vizuri, lakini yanauma.

Niliikagua kanda. Ni mpya. Niliikagua redio. Haina neno. Niliinunua Agosti kwa jirani aliyekuwa akihama, na tangu hapo hata kanda zangu za zamani zimekuwa na uzito fulani. Nilidhani ni umri. Wangu.

Kisha jalada. Siku zote yule mwimbaji huvaa koti la ngozi lenye vishikizo vya chuma. Safari hii amevaa suti nyeusi na ameshika maua meupe. Nilitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimewaita Bedan na Zubeida. Bedan ni katibu wa chama na ndiye hutufungulia mikutano kwa sala. Zubeida anauza vitambaa na mamake pale sokoni, na anajua kila wimbo wa Vargholm kuliko mimi, jambo ambalo sipendi litajwe. Wakiamua jambo, nusu ya Thika huwafuata.

Wimbo wa pili haukuisha kabla Bedan hajavua kofia. Maoni yake: bendi imekomaa. Albamu zilizotangulia zilikuwa za vijana wenye haraka. Zubeida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kuona jalada, akaliangalia, akalirudisha.

"Huyu mtu amefiwa," akasema.

Bedan akauliza amefiwa na nani. Na mama, akasema Zubeida. Baba hamharibu mtu sauti namna hiyo. Na nani hushika maua meupe akiwa na suti nyeusi kama hatoki kuzika? Bedan akasema sasa anaelewa kwa nini hata mpiga ngoma anapiga kwa heshima.

Nilishtuka. Nimekaa na msiba ndani ya nyumba tangu jana na sikuujua. Nusu saa baadaye nilishtuka tena, kwa uzuri wa jambo lililonijia: hakuna anayepiga kampeni matangani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kamati ya rambirambi imeundwa. Mwenyekiti ni mimi. Nilijipendekeza mwenyewe, na kwa heshima ya marehemu hakuna aliyepinga.

Wanafunzi wanne wa chuo wamekuja kutoka Kahawa Wendani kutoa maoni. Mmoja amesema hajawahi kusikia albamu nzito kama hii. Wa pili amesema Vargholm wa zamani amekufa na huyu mpya ni mkubwa zaidi. Wa tatu aliomba maji. Wa nne alikwenda kusimama nje na hakurudi, lakini nasikia naye ameipenda.

Nimetangaza kwamba uchaguzi umeahirishwa mpaka matanga yaishe. Matanga ya Uswidi hatujui huchukua muda gani. Huenda mwaka.

Mchana Mutisya alipiga simu kiwandani.

"Wewe Muthoka, nani amekufa?"

"Mamake mwimbaji."

"Umeambiwa na nani?"

Nikamwambia mwenye masikio haambiwi. Akasema uchaguzi upo pale pale, Jumatatu, Ruiru, na mimi nijiandae kurudi kuwa mwananchi wa kawaida. Nilimuuliza kama yeye hana mama. Nikakata simu nikiwa mbele.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nyuma ya jalada kuna namba ya faksi ya ofisi ya bendi. Mashine ya faksi ya kiwanda inalindwa na Kalondu, sekretari, ambaye hata meneja humwomba. Nilimwambia ni jambo la msiba. Alisimama, akanishika mkono, akanipa pole, akaituma faksi yeye mwenyewe. Aliuliza marehemu alikuwa na umri gani. Nikajibu alikuwa mtu mzima.

Faksi ilikuwa ya Kiingereza, na ilisema hivi: Sisi mashabiki wako wa Thika na Ruiru tumepokea kwa mshtuko mkubwa habari za kuondokewa na mama yako mpendwa. Tunalia nawe katika kila wimbo. Bedan aliongeza aya ya Biblia. Zubeida aliongeza kwamba ale vizuri. Mimi niliongeza sahihi: Muthoka, Mwenyekiti.

Kufikia saa tisa kiwanda kizima kilikuwa na habari. Meneja alinikuta stoo, akasema niende nyumbani mapema nipumzike. Nilikataa mara moja, kama inavyotakiwa. Kisha nikaenda.

Jumapili, 19 Oktoba

Habari mbaya. Bedan alikwenda Ruiru kumsalimia dada yake, akapita nje ya nyumba ya Mutisya. Mutisya amepata kanda yake. Imeletwa na rafiki anayefanya kazi uwanja wa ndege. Wanachama wa Ruiru walikuwa ndani wakiisikiliza.

Walikuwa wakicheza.

Nilimwomba Bedan arudie. Akarudia. Walikuwa wakicheza, na mmoja alikuwa juu ya kiti. Zubeida aliposikia alisema hajawahi kuwadharau watu wa Ruiru, lakini leo wamempa sababu.

Nimebadili mpango. Uchaguzi na ufanyike. Nitakwenda na redio yangu na kanda yangu, na Ruiru watapigiwa msiba usoni, waone walichokuwa wakikichezea. Baada ya hapo sioni nani atampa Mutisya kura. Nimepiga pasi suti.

Jumatatu, 20 Oktoba

Chumba cha juu cha hoteli moja Ruiru. Thika tulifika tumevaa nyeusi. Ruiru walikuwa na mashati ya maua. Bedan alifungua kwa sala na kumkumbuka mama aliyetutoka. Mtu wa Ruiru alikohoa mahali pa kusema amina. Hakuwa na kikohozi.

Niliweka kanda. Wimbo wa kwanza. Thika waliinamisha vichwa. Ruiru walitazamana, kisha wakamtazama Mutisya. Mutisya alisubiri kwa adabu mpaka mwisho, ambao ulichelewa. Akabonyeza redio yake.

Ulikuwa wimbo ule ule. Sauti ilipanda mpaka dirishani. Ngoma zilikimbia, magitaa yakazifukuza, na mtu wa Ruiru akaanza kutikisa bega. Sikuelewa nilichokuwa nikisikia. Nilidhani wameimba mara mbili, moja kabla ya kifo na moja baada.

Zubeida hakudhani hivyo. Aliinuka, akatoa kanda yangu, akaiweka kwenye redio ya Mutisya. Ikakimbia. Akatoa ya Mutisya, akaiweka kwenye yangu. Ikafiwa.

Kisha Mutisya akafungua jarida la muziki alilopewa na yule rafiki wa uwanja wa ndege. Mwimbaji alifunga ndoa mwaka huu. Albamu nzima ameiimbia bibi harusi. Suti ni ya harusi. Maua ni ya harusi. Na mama yupo pichani, amevaa kofia kubwa, anakula keki.

Sikumbuki kuketi, lakini nilijikuta nimeketi.

"Mheshimiwa," Mutisya akaniambia, "umemzika mama wa watu kwa redio mbovu."

Nilisimama kueleza. Nilisema Ruiru kuna viwanda vingi, umeme wake una nguvu kupita kiasi, unasukuma mashine. Bedan ameniambia baadaye kwamba hakuliandika hilo kwenye kumbukumbu za mkutano kwa ajili ya heshima yangu.

Ukafuata muda wa maoni. Ruiru walisema ni albamu ya furaha na ya kasi, bora kuliko zote. Wale wanafunzi wa Kahawa Wendani walisema ndivyo walivyokuwa wakisema tangu Alhamisi. Bedan alisema kukomaa ni jambo pana. Zubeida alisema amemlilia mwanamke anayekula keki, na kwamba albamu ni nzuri, ila aliipenda zaidi kulipokuwa na mtu aliyekufa.

Kisha kura. Mutisya alipata zote isipokuwa yangu na nyingine moja. Nimemuuliza Bedan kama ilikuwa yake. Amekana kwa nguvu sana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kalondu amekuja stoo na karatasi ameishika kwa vidole viwili. Faksi, kutoka Uswidi. Imeandikwa na mwimbaji mwenyewe. Nilishtuka kwanza kwa furaha, kabla ya kuisoma.

Anatushukuru. Anasema alikuwa kwenye fungate, iliyosubiri albamu ikamilike, kando ya ziwa, ofisi ilipompigia simu kumsomea rambirambi zetu. Alijaribu kumpigia mamake, simu haikujibiwa. Akamwacha mkewe ziwani, akaendesha gari mpaka nyumbani kwao. Alimkuta mama nje, anakata nyasi. Mama alifurahi kumwona ingawa alishangaa kwa nini analia. Sasa anauliza, kwa heshima, kama tungependa kumwambia ni nani hasa aliyekufa.

Kalondu naye anauliza. Meneja pia anauliza, na ametaja ile Ijumaa alasiri.

Nilimpigia Mutisya. Nilitarajia acheke. Hakucheka, jambo lililonishtua kuliko faksi. Alisema yeye sasa ni mwenyekiti, na hili ni jina la chama. Niandike ukweli, sentensi moja, niombe radhi, niiweke sahihi yake. "Ni rahisi, ndugu yangu," akasema. "Redio ilikuwa mbovu, tunaomba radhi, hongera kwa harusi. Hata wewe unaweza."

Nimeuandika ukweli mara kadhaa. Kichwani ulikuwa unavumilika, lakini kwenye karatasi unatufanya Thika tuonekane wajinga. Na mwanamuziki wa kiwango kile hastahili kusomewa habari za redio.

Kwa hiyo nimemweleza kwamba hakuna aliyekufa. Ni desturi yetu ya miaka mingi, mtu akioa, mamake hupewa pole, kwa kuwa amempoteza mwana. Nimesema tulidhani Uswidi nako hufanya hivyo. Nimesema ule mwendo wake wa haraka kwenda kwa mama umetugusa sote, na kwamba kwetu pia bwana harusi anatakiwa kwenda. Mkewe nimemwambia asiwe na wasiwasi, siku yake ya kupewa pole itafika akizaa wa kiume.

Imetoka vizuri sana. Kalondu ameisoma mara mbili, kisha ameituma.

Sahihi: Muthoka, Mwenyekiti. Jina la Mutisya lingewachanganya Waswidi.