Sketi ya Lamduan na Anguko la Prayun

Jumatatu, 6 Januari

Tamthilia imekuja kijijini kwetu! Ile ya Jumamosi jioni, ya polisi wa shamba anayewakimbiza majambazi matopeni. Safari hii jambazi anaiba nyati, anampakia kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, anatoroka naye kupitia majaruba ya mpunga. Wanataka mwanakijiji wa kuendesha. Nani anaijua pawatila kuliko mimi? Nikavaa shati jipya, nikasimama mbele kabisa.

Kachaguliwa Prayun. Jirani yangu! Mwongozaji, mwanamama wa Bangkok aitwaye Oi, alisema mimi nina uso wa mtu mwema, hakuna atakayeamini nimeiba hata yai. Uso wa Prayun ndio wa jambazi. Lamduan, mke wangu, alicheka hadi akashika ukuta.

Sina wivu. Ila mwaka jana kwenye sikukuu ya kurusha roketi za mianzi kuombea mvua, ya Prayun ilipaa ikapotea mawinguni. Yangu ilitoa moshi tu, nikatupwa matopeni kama desturi inavyotaka. Kila jema ni lake. Inaniuma, basi.

Jumanne, 7 Januari

Sikunyoa. Nikajipaka masizi chini ya macho, nikakaa karibu na birika la chai la wale watu wa tamthilia, nimekunja uso. Jambazi kamili! Oi akaja mbio. Nikajua mambo tayari. Akaniuliza kama nimekula samaki wa kuchachushwa walioharibika, akanipa kichupa cha dawa ya kunusa, akaniambia nikapumzike.

Prayun alinishika mkono hadi nyumbani. Njia nzima watu wanampungia yeye.

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda kwa Babu. Si babu yangu, ni mzimu wa kijiji, mwenye kibanda chake pale mwisho wa barabara. Ukimwomba kitu unaweka nadhiri, na akikupa, unalipa. Wengine huahidi kuku. Kuku wangu anataga, siwezi kumtoa. Nikaahidi ngoma, maana Babu anapenda kuchekeshwa.

Nikasema kwa sauti, kama inavyotakiwa: "Babu, mwangushe Prayun matopeni mbele ya kamera, watu wote waone. Ukifanya hivyo nitakuchezea mchana kweupe, nimevaa sketi ya hariri ya mke wangu."

Nikawasha ubani, nikamwekea soda nyekundu. Kugeuka, Bibi Khian, mtunzaji wa kibanda, yuko nyuma yangu na ufagio.

"Babu kasikia," akasema. "Na mimi nimesikia."

Alhamisi, 9 Januari

Kaanguka! Oo, Babu! Prayun alikuja na pawatila kwa fujo, nyati kwenye tela anashangaa, polisi wa tamthilia nyuma yake kwenye baiskeli. Kwenye kona usukani ukampiga mbavuni, akaruka, akatua kichwa chini kwenye jaruba. Miguu tu ndiyo ilionekana. Nyati akashuka taratibu akaenda kumnusa nyayo. Nilipiga makofi peke yangu.

Kisha wote wakapiga makofi. Oi alikuwa analia kwa kicheko. Akasema hajapata kuona anguko zuri namna ile, halikatwi hata kidogo, na jambazi huyu lazima arudi kwenye kipindi kingine. Kipindi kingine!

Lamduan alimfulia Prayun shati lake. Langu la Jumatatu bado liko kwenye beseni.

Ijumaa, 10 Januari

Nilikusudia kusahau ile nadhiri. Asubuhi pawatila ikakataa kuwaka. Kuku hakutaga. Nikamega wali wa kunata, kinyweni ukawa kama udongo. Mara Bibi Khian mlangoni.

Nikamweleza kwamba Babu amenielewa vibaya, nilitaka Prayun aharibikiwe. Akasema Babu hutoa kilichoombwa, hafanyi kazi ya kubahatisha yaliyo moyoni mwa mtu.

"Sawat," akasema, "ungeomba nafasi hiyo uipate wewe, si ungepewa? Mbona ukaomba mwenzako aanguke?"

Kwa kweli halikunijia wazo hilo.

Nikavaa sketi. Ya zambarau, inabana kiunoni. Kijiji kizima kilikuja. Nani kajitolea kupiga ngoma? Prayun, na bandeji kichwani, anatabasamu. Nilikuwa nimeanza kwa aibu, mara nikaona gari la tamthilia limesimama, Oi anashusha kamera. Anachukua picha! Nikacheza kwa mikono, shingo, kiuno, kila kiungo nilichopewa na wazazi wangu. Oi akaniambia, "Mjomba, hii naitumia."

Prayun angalie vizuri sasa.

Jumamosi, 22 Februari

Kipindi kimeonyeshwa leo. Kijiji kizima mbele ya televisheni ya mwenyekiti. Nilikuwa nimenyoa, nimepaka nywele mafuta, nimekaa kiti cha mbele.

Anguko la Prayun limerudiwa polepole, kisha tena, na muziki juu yake. Watoto wakaviringika sakafuni. Mimi nilikuja baadaye. Pawatila inapita, na mbali kule kibandani anaonekana mtu kwa mgongo, anacheza. Akatoweka. Ndiyo hiyo tu!

Mwenyekiti akauliza yule mama ni nani, mbona hamfahamu.

"Mama simjui," Lamduan akasema, "ila sketi ni yangu."

Prayun akaniinamia sikioni, akasema, "Kaka, umecheza vizuri kweli." Kwa upole! Heri angenitukana. Kisha akatangaza kwamba Oi amempigia simu, wiki ijayo anapigwa picha tena, safari hii mtoni.

Jumapili, 23 Februari

Nimekwenda kwa Babu mapema. Nilikuwa nimeyatafakari maneno ya Bibi Khian na kuyakubali. Nikapiga magoti, nikawasha ubani. Ombi ni rahisi: Babu, nipe mimi nafasi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Barabarani wakapita watu na Prayun katikati yao, wanamwomba aonyeshe alivyoruka. Akaonyesha. Wakacheka hadi wakakaa chini.

Nikaomba aangukie mtoni, mbele ya kamera, kwa kishindo kikubwa zaidi. Nimeahidi kucheza asubuhi na jioni.

Bibi Khian alikuwa nyuma yangu tena. Alinisogezea ufagio nifagie majivu ya ubani wangu, akaniuliza kama Lamduan ana sketi ya pili.