Mkono wa Gauni na Mashine ya Presha

Jumatatu, 3 Machi
Nimenyimwa vidonge vya uzazi wa mpango. Mimi, mama wa watoto wanne, ambaye wa tano atanimaliza! Muuguzi alinipima presha, akakunja uso. Akauliza kama kichwa huniuma. Nikakana. Wifi yangu, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akadakia kwamba kikinishika naona vimulimuli ukutani. Basi muuguzi akasema kwa presha hiyo na vimulimuli hivyo, homoni za vidonge vile zinaweza kunigandisha damu, nikapata kiharusi. Akanishauri kitanzi cha shaba, kisicho na homoni. Sitaki. Nataka vidonge kama vya wifi. Tangu aanze kuvimeza anang'aa kama sufuria mpya.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba wifi anigawie pakiti. "Wifi, ukifa nguo zangu atashona nani?" Ndilo jibu lake. Yeye na kaka yake, mume wangu, uchoyo mmoja!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa yao. Mimi si fundi cherehani? Nimeshona gauni, mkono umejaa sponji ndani, unabana hadi kiwikoni, haupandi. Mashine itapima sponji. Sponji haina presha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda zahanati ya mtaa wa pili, nisikojulikana. Muuguzi yuleyule! Kumbe Alhamisi zamu yake iko huko. Akaomba nipandishe mkono wa gauni. Nikasema haupandi. Akanipima juu ya nguo. Presha ikapita ya Jumatatu. Akabonyeza mkono, ukabonyea. Akachukua mkasi wa bandeji, akachana mshono wangu bora mwaka huu, kisha akasema polepole, "Mama, unayemdanganya si mimi. Wale wanne wanakutaka mzima."
Mkasi wenyewe ulikuwa butu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewekewa kitanzi. Dawa ya presha nimepewa pia. Wifi anatangaza mtaa mzima kwamba ameniokoa. Nguo yake iko mezani kwangu, nimeipunguza kiuno.

Jumatatu, 10 Machi
Presha imeanza kushuka. Nimeelewa kabisa: dawa ya mwenzako si yako. Nimemhubiria hata mama mkwe alipokuwa akimeza vidonge vyake vya kisukari. Akaitikia vizuri, akasema tangu aanze kuvitumia kitambi kimekwisha. Kweli, kimekwisha! Changu bado kipo. Sasa amekwenda kuoga. Pakiti ameiacha mezani.
Kimoja tu. Kimoja hakiitwi dawa.