Wiki ya Kukausha Boneti

Jumatatu, 3 Machi

Gari limepata jeraha la kwanza. Jiwe lilirushwa na tairi la lori nikitoka kazini. Nukta kwenye boneti, ndogo kuliko punje ya mchele. Nilipofika nyumbani niliipapasa kwa kidole, nikahisi kama nimegongwa mimi.

Shemeji, kaka yake mke wangu, anakaa nyumba ya pili na hajawahi kupiga hodi. Aliingia, akainama, akapitisha ukucha juu ya nukta. Akasema sasa gari limeanza kuishi. Lake limeishi kupita kiasi: mlango mmoja una rangi yake peke yake, na bampa limefungwa kwa waya. Alinishauri nipake nta nisahau. Yeye anaamini nta kwa kila kitu.

Wakati wa kula, Mama alisema kliniki ya macho imempangia siku. Alhamisi ya wiki ijayo. Ni mtoto wa jicho, wataanza na jicho la kulia. Siku hizi anamimina chai kwa kusikiliza kikombe kikijaa, na sisi tunajifanya hatujaona. Akauliza kama nitampeleka mimi. Nikamwambia Mama, hilo nalo la kuuliza? Akanishika mkono, baada ya kuutafuta kidogo mezani.

Nilitoka na tochi kuitazama tena ile nukta. Naona imekua.

Jumatano, 5 Machi

Dawa imepatikana. Karani mwenzangu wa ghalani, mtu anayejua habari za magari bila kuwa na gari, amenieleza. Kuna nailoni maalumu, laini, haionekani. Inabandikwa juu ya rangi. Jiwe likija linagonga nailoni, rangi haina habari. Wenyewe wanaiita filamu ya kulinda rangi.

Nilimweleza Mama. Akauliza filamu hiyo inaonyeshwa saa ngapi. Mke wangu aliinuka ghafla akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Kusema kweli nilikuwa nasitasita. Ni jambo kubwa kwa gari ambalo si jipya. Lakini shemeji alipita akasikia, akasema hiyo ni kulivalisha gari soksi. Hapo nikaamua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kwa fundi wa filamu. Gereji safi kuliko jikoni kwetu. Sakafu imemwagiwa maji ili vumbi lisiruke. Taa kila upande. Fundi ni mama wa makamo, anavua pete na saa kabla ya kuligusa gari. Hilo lilinipendeza.

Aliweka kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi juu ya boneti, akakihamishia mlangoni, akakirudisha kwenye boneti. Akasema boneti imewahi kupigwa rangi upya na haikupigwa vizuri. Filamu itashika, hilo si tatizo. Tatizo ni siku ya kuitoa, inaweza kuondoka na rangi. Kwa maoni yake nifunike bampa na vioo vya pembeni, boneti niiache kama ilivyo.

Yaani nije kulinda boneti, halafu nilinde kila kitu isipokuwa boneti. Nilimwambia sina mpango wa kuitoa kamwe.

"Wote husema hivyo," alisema, akapokea ufunguo.

Nimechagua sehemu yote ya mbele. Ningefunika gari zima, ila mke wangu alikuwa ameshanitumia ujumbe wenye neno moja: Kiasi.

Jumapili, 9 Machi

Gari lilirudi jana jioni. Linang'aa kama limetoka majini. Nilimwita mke wangu aje aione filamu. Akasema haoni kitu. Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Masharti ya fundi. Lisioshwe wiki nzima, gundi ikauke. Baadaye lioshwe kwa mkono, sabuni isiyo kali, kitambaa laini. Maji ya presha yasisogee kwenye kingo. Kinyesi cha ndege kifutwe papo hapo. Viputo vidogo vya maji vitakwisha vyenyewe, visiguswe. Lisifunikwe kwa nguo yoyote mpaka likauke. Mvua ikinyesha haina neno, niendeshe tu. Hili la mwisho nadhani alilisema kunituliza.

Nimekaa uani tangu asubuhi. Kuna njiwa kwenye paa la jirani na sipendi wanavyolitazama gari. Niliwaomba watoto wa mtaani wahamishe mpira wao. Wakauliza wahamishie wapi. Nikawaelekeza mbele ya nyumba ya shemeji.

Yeye akaja na kigoda chake, akaketi kando yangu, akauliza tunamsubiri nani. Tukaendelea kukaa.

Kuna kiputo kimoja karibu na taa ya kushoto. Nilikibonyeza kidogo tu kwa kidole gumba. Sasa viko viwili.

Jumanne, 11 Machi

Redio imesema mvua kubwa Alhamisi. Alhamisi ni siku ya Mama.

Nimewaza mchana kutwa, nimekosea hesabu ya vigae ghalani mara mbili. Gundi bado mbichi. Barabara ya kwenda kliniki ni matope na malori. Teksi haiwezekani, Mama hataki kushikwa mkono na mtu asiyemjua. Akabaki mtu mmoja.

Nilimwendea shemeji kwa mpango. Nilimwambia Mama hutulia akiwa naye, mizaha yake inamshusha presha, na daktari anataka mgonjwa aliyetulia. Kwa hiyo ingefaa ampeleke yeye. Aliniacha nikamaliza yote.

"Gari lako linaumwa?"

Nikasema linapumzika. Akasema atampeleka, na kwamba sikuwa na haja ya kumpaka mafuta kiasi hicho.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimwambia Alhamisi shehena ya vigae inaingia na ghala haliwezi kufunguliwa bila mimi. Shehena inaingia kweli. Inaingia Ijumaa.

"Kazi ni kazi, mwanangu," alisema. Alijaribu kunitazama usoni, akatazama pembeni ya sikio langu. Sikusogea ili nikae pale alipotazama. Nilifikiria kusogea, lakini sikusogea.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Mama alitoka na gauni lake la bluu na viatu vizuri, kama mtu anayekwenda kutambulishwa mahali. Shemeji alimfunika kwa mwavuli, mwenyewe akalowa mpaka shati likaonyesha mgongo. Mke wangu alienda nao. Hakuniaga. Gari lao liliwaka mara ya tatu, likaondoka na moshi wake.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Bosi aliponiuliza sababu nilimwambia mama yangu anapasuliwa jicho. Akanipa pole, akasema nikakae naye.

Upepo ukaanza kuingiza mvua chini ya kibanda cha gari. Matone yakafika kwenye boneti. Fundi amekataza nguo, lakini fundi hakuwapo kuuona upepo ule. Nikachukua shuka la mke wangu, jipya, pana, lenye mawaridi mekundu. Nikalitandika juu ya boneti, nikafunga pembe zote kwa kamba. Nikaingia ndani ya gari nipate kusikiliza kama linavuja.

Saa za mchana shemeji akapiga simu. Alisema Mama alikuwa sawa mpaka walipomvika kofia ya wagonjwa, ndipo akaanza kutetemeka na kuniulizia. Wamemwambia niko njiani.

"Uko njiani?" aliuliza.

Mvua ilikuwa inapiga paa la gari. Nikasema barabara zimejaa maji.

Alisema sawa. Akasema atamshika mkono mpaka mlangoni, na nesi amekwishamdhani ndiye mtoto wake. Hakuona sababu ya kumsahihisha.

Naandika haya bado nimekaa kwenye usukani. Nilishika ufunguo mara kadhaa. Kliniki si mbali. Gari ni kavu, mimi ni mkavu, na sijui mikono yangu niiweke wapi.

Ijumaa, 14 Machi

Upasuaji umekwenda vizuri. Walimlaza usiku mmoja na leo wamemtoa kitambaa cha jicho. Nilipata habari hiyo kutoka kwa mke wangu kwa maneno machache sana.

Ghalani nilipokea shehena haraka, nikawahi kurudi niwe nyumbani kabla yao. Nilitaka Mama aone kila kitu kimepangwa. Nikafungua kamba, nikavua shuka.

Mawaridi yamebaki kwenye boneti.

Siyo yote. Kama tisa au kumi, mekundu, mengine yamepinda kidogo pale shuka lilipojikunja. Yameingia ndani ya filamu. Nilisugua kwa sabuni. Nilisugua kwa siki. Nilimpigia fundi, akasikiliza, akaniuliza kama lile shuka lilikuwa nguo. Nikasema ndiyo. Akasema basi, na akakata simu kwa upole.

Nilikuwa nimepiga magoti na kitambaa mkononi waliposimama getini. Mama alishuka bila kushikwa. Akasimama. Akalitazama geti, akautazama ukuta, akautazama mti wa jirani kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, machoni hasa.

"Umekonda," alisema.

Alikuja mpaka kwenye gari, akainama karibu na boneti, akagusa ua moja kwa ncha ya kidole.

"Haya maua umenichorea mimi?"

Mke wangu akalitazama shuka lake kwenye ndoo. Shemeji akafumbua kinywa, akakifumba.

"Ndiyo, Mama," nilisema.

Alikumbushwa kwamba daktari amekataza kulia. Akalia hata hivyo, kidogo. Akamwita shemeji aje aone jinsi mwanawe alivyotoka kazini amechoka akachora kwenye mvua. Shemeji akasema ameona. Alisema taratibu, bila hata kunitazama vibaya, na sijawahi kumchukia kama dakika ile.

Jumatano, 19 Machi

Nimekusudia kumwambia Mama ukweli kila siku tangu Ijumaa. Kila siku nakuta amewahi kuleta mgeni. Jirani wa mbele. Mke wa mwenye duka. Jana alikuja nesi mstaafu ambaye hata hatumjui. Wote wanasimama mbele ya boneti wamefunga mikono, wanasema mtoto ni mtoto. Mimi nasimama nyuma yao na ndoo.

Leo mke wangu alinipa sahani yangu na kukaa mbele yangu. Hakugomba. Alisema tu kwamba Mama, pale mlangoni kwa daktari, alimshika shemeji mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama. Akasema nikitaka kuziona zipo bado. Akaenda kulala.

Chakula sikukimaliza.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi kwa fundi kuitoa filamu. Sikuweza kuendesha tena nikitazama yale maua. Aliipasha moto, akaanza kuivuta kutoka pembeni, pole pole, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda cha mtoto. Rangi ikaja nayo. Vipande vikubwa, mpaka kijivu cha chini. Hakusema kwamba alikuwa ameniambia. Ningependa angesema.

Mama alitoka uani akakuta boneti ina mabaka. Akauliza maua yako wapi. Nikasema yameharibika, Mama. Akanitazama kwa lile jicho jipya. Linaona vizuri mno, daktari alimsifia. Kisha akanigusa bega, akaniambia nisijali, niingie ndani nile.

Nilimfuata shemeji kwake nikamwomba radhi. Nilisema yote, bila mpango. Alikuwa anapaka nta. Aliniachia nafasi kwenye kigoda, tukanywa chai. Akasema Mama hajambo na hilo ndilo kubwa. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Jumatatu, 28 Aprili

Boneti ilipigwa rangi upya, safari hii na fundi anayejua kazi. Imekaa zaidi ya mwezi, imekauka hasa. Haina hata nukta. Ukiitazama unaogopa.

Kliniki imepiga simu. Jicho la kushoto ni Alhamisi, tarehe nane Mei. Nilimwambia Mama palepale, safari hii ni mimi, hata dunia ipasuke. Nilimaanisha. Mke wangu alinisikia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaniongezea mchuzi bila kuombwa.

Mchana fundi wa filamu akapiga. Nafasi imepatikana Jumatatu, tarehe tano. Rangi sasa ni nzima, hana wasiwasi nayo. Safari hii gari zima, milango, paa, mpaka nyuma. Ametaja filamu mpya, nene zaidi. Nafasi nyingine ni hadi Juni, na Juni kuna malori mengi.

Nilikaa uani nikipanga maneno. Nilifikiria nianzie kwenye gundi, au nianzie kwenye presha ya Mama. Nilikuwa bado napanga aliposimama mlangoni na kuniita.

Alisema nisihangaike na Alhamisi. Amekwishazungumza na shemeji, watakwenda wawili. Alisema gari la shemeji amelizoea, na kwamba mimi gari langu lina kazi nyingi. Aliyasema haya akinitazama machoni, bila kunikosa hata kidogo.

Nimefarijika kupita kiasi. Mambo yamejipanga yenyewe, na Mama mwenyewe ndiye aliyeyapanga. Nimempigia fundi kuthibitisha Jumatatu.