Mnazi wa Mpwa Wangu

Wenzangu wa masomo ya jioni, leo nimevuliwa nguo mbele ya Likoni nzima. (Suruali ninayo, msitishike. Nguo nisemazo ni zile zisizoshonwa na fundi.) Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari yangu ikishavuka maji, ikifika huko Changamwe itakuwa imeota pembe na mkia.

Mnajua kuwa dada yangu Mwanasha kajifungua mtoto wa kike, Saada. Juzi kitovu kikakatika. Na mamangu mnamjua. Kwake yeye, mtu hana kwao mpaka kitovu chake kifukiwe chini ya mche wa mnazi, na mnazi huo uwe wake, akikua aangue nazi zake mwenyewe bila kumwomba mtu. Changu kilifukiwa hivyo, cha dada hivyo hivyo, katika shamba la babu ambalo liliuzwa kabla sijaota meno.

Sasa sisi ni wapangaji. Nyumba yetu, ardhi ya mwenye shamba. Na huku kwetu aliyepanda mti, mti ni wake, hata kama ardhi ni ya mtu. Ndiyo maana mwenye shamba hataki kumwona mpangaji na mche mkononi. Muhogo, ruhusa. Mahindi, ruhusa. Mchicha panda hadi uvunguni mwa kitanda. Lakini mti wa kudumu? Thubutu! Ukionekana tu, unafungasha. Mamangu kakaa pale miaka ishirini na saba, na kivuli pekee anachokiita chake ni cha paa la makuti.

Ijumaa iliyopita wapangaji wakakutana. Wakasema Uhuru unakuja, sisi nasi tukaombe ruhusa ya kupanda walau mti mmoja kila nyumba. Msemaji nani? Mimi! Si mimi ndiye niliyepasi mtihani?

"Utamwambia uso kwa uso," alisema Bi Mishi, jirani yetu, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kunyolea ndevu. "Usitumung'unyie maneno."

Nikatoa hotuba ya robo saa. Nikasema nitamkazia macho mpaka yeye ndiye atazame chini. Wakapiga makofi hadi kuku wakahama mtaa. Mwenye shamba akapelekewa habari, akajibu kwamba twende kwake leo alasiri, atatusikiliza.

Mamangu hakungoja ruhusa. Asubuhi akanitilia mkononi kitu kidogo kilichofungwa katika kipande cha leso yake nyekundu.

"Nenda Mtopanga kwa Mzee Jefwa. Marehemu babako hakununua mche kwa mwengine. Mwambie akifunge humo humo kwenye mizizi. Ukirudi tuchimbe, tufukie, tufunike na mabua ya mahindi. Kabla ya alasiri, wasikia?"

"Nasikia, mama."

"Na usiongee ongee njiani, mwanangu."

(Angalieni maneno hayo. Angesema hayo tu, na mimi ningeyashika hayo tu, nisingekuwa naandika barua hii.)

Nikapanda baiskeli. Kitalu cha Mzee Jefwa ni safu kwa safu za nazi zilizolazwa ubavu chini ya kivuli cha makuti, kila moja na majani yake yamechomoza, kama darasa la watoto walionyoosha mikono. Mimi, kwa elimu yangu yote, nikauendea ulio mrefu kuliko yote.

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Huo umekimbilia jua tu, hauna nguvu. Mche hutazamwa shingo, hautazamwi kimo. Chukua huu." Akanipa mfupi, shingo nene kama ya bondia. Akapenyeza kile kitambaa chini ya makumbi ya nazi, katikati ya mizizi, akazungushia gunia, akafunga kwa kamba. Ncha ya leso ikabaki nje kidogo, nyekundu, kama ulimi wa mtoto.

Alipomaliza hakucheka tena. "Ukishaufukia, basi. Mche wenye kitovu cha mtu hauhamishwi. Ukiung'oa, umemng'oa mwenyewe. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Nikaufunga nyuma ya baiskeli, nikavuka daraja la Nyali, nikakata mji, nikaingia feri. Feri ilikuwa na watu kama elfu kumi, punda watano na motokaa moja.

Motokaa ya nani?

"Ewe mtoto wa Bi Fatuma!"

Wallahi, yeye mwenyewe! Mwenye shamba katoa kichwa dirishani, kanzu nyeupe, marashi yamefika kwangu kabla ya sauti.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Na mnazi huo waupeleka wapi?"

Sasa tazameni. Kulikuwa na majibu mia. Ningesema naupeleka Ukunda kwa mjomba. Ningesema nimetumwa na mtu. Ningeweza hata kuzirai. Lakini ulimi wangu, ule mliousifu darasani, ukatoka mbio peke yake:

"Wako, Bwana! Zawadi!"

Mwenye shamba akanikazia macho. Nikadhani kanishika uongo. Kumbe machozi yamemlengalenga.

"Miaka yote hii," akasema taratibu, "hakuna mpangaji aliyeniletea hata jani la mchicha. Ingia garini, mwanangu."

Baiskeli ikafungwa juu ya gari. Mimi nikaketishwa nyuma na mche mapajani, nimeukumbatia kama bibi harusi wa kulazimishwa. Nikajaribu kujiokoa.

"Bwana, huu naona una wadudu. Nipe ruhusa nikuletee mwengine, mzuri zaidi."

"Tutautilia jivu. Nataka huu huu, ulioutoa moyoni. Tena utaupanda kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya watu."

Watu! Nilikuwa nimesahau watu.

Tulipofika, wapangaji wote walikuwa wameshakaa uani, wanaume mikekani, akina mama ukutani, wanamngoja msemaji wao. Na msemaji wao akashuka kutoka motokaa ya mwenye shamba, kabeba mnazi.

Vichwa vyote vikageuka. Hata mbuzi aliacha kutafuna.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mishi. "Sisi twamngoja aje atuombee miti, kumbe katangulia kumletea yeye!"

Wakacheka. Si kile kicheko chetu cha darasani. Kicheko kilichotoka puani.

Mwenye shamba akachagua mahali, karibu na kisima, akaniletea jembe. Nikachimba. Niliinua macho mara moja tu, nikamwona mamangu ukutani. Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia ile ncha nyekundu iliyochungulia kwenye gunia. Mkono wake ukapanda taratibu hadi mdomoni, ukakaa pale.

Nafasi ya kusema kweli nilikuwa nayo. Lakini kusema kweli ni kusema kwamba tulikusudia kupanda kwa siri, na dada yangu yuko ndani hajamaliza hata siku kumi na mtoto. Tungelala wapi? Basi nikafukia. Nikashindilia kwa mguu. Nilivyokuwa nashindilia nilisikia sauti ya Mzee Jefwa kana kwamba yuko ndani ya shimo: *basi.*

Mwenye shamba akainua mikono, akaomba kwa sauti nzuri, kwa moyo safi kabisa:

"Ya Rabbi, mti huu, na kila kilichofungamana nao, ukipe mizizi mahali hapa, kisitikisike."

"AMIN!"

Aliyeitikia alikuwa mamangu, peke yake, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo tangu nizaliwe. Njiwa waliruka kisimani. Watu wote wakamgeukia. Yeye akajifuta uso kwa leso.

"Haya, msemaji," mwenye shamba akaniambia kwa furaha. "Nasikia mlikuwa na neno."

Nikafungua kinywa. Udongo mpaka viwikoni, jasho mpaka soksi. Ile hotuba ya robo saa ikatoka yote kwa maneno mawili:

"Tumekuja kukusalimu."

Bi Mishi akasimama akayasema yeye, kwa pumzi moja, macho makavu: kila nyumba mti mmoja, basi. Mwenye shamba akasikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akauonyesha mnazi wangu.

"Mbona nafasi ipo? Mwenye kutaka kupanda alete hapa kwangu, kama alivyofanya kijana huyu."

Mkutano ukaisha hapo. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakinipita kama nguzo. Mamangu ndiye aliyebaki. Akamwendea mwenye shamba, akainama.

"Bwana, mche huu kiangazi kitauua. Niruhusu niwe naja jioni kuutilia maji."

"Njoo, Bi Fatuma. Mlango u wazi kwako siku zote."

Njiani alitangulia mbele hatua kumi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Tulipofika nyumbani, Mwanasha akauliza kutoka kitandani, "Mmeupanda wapi?"

Mama alimchukua mtoto, akageukia naye ukutani.

"Pazuri," nikasema mimi. "Pana kisima."

Nje, shimo alilolichimba mamangu asubuhi kwa mkono wake bila kuningoja, katikati ya mahindi, lilikuwa bado wazi. Nimelifukia sasa hivi. Halina kitu ndani.

Wapangaji wamemchagua Bi Mishi awe msemaji. Mamangu amejaza debe maji, amejitwika, ametoka. Namwona kwenye kona anageuka kuelekea kwa mwenye shamba, taratibu, asimwage.

Nanyi mkija Likoni, mkauona mnazi mfupi wenye shingo nene uani kwa watu, msicheke, na wala msiulize ni wa nani. Ujulieni hali tu. Unaitwa Saada.